Wale kenda wa wapi? Maneno ya Jumapili ya mavuno, Uyole

Maneno haya niliyasema kanisani kwetu Uyole, Mbeya, Jumapili ya mavuno, ibada ilipokwisha na mnada wa sadaka za mavuno haujaanza. Mchungaji alinipa dakika ishirini, nikazipita kidogo. Baadhi yenu mliokaa nje kwa kukosa nafasi mliniomba niyaandike. Nimeyaandika kama nilivyoyasema.

Bwana Yesu asifiwe!

Baba mchungaji, wazee wa kanisa, wanakwaya, mama zangu na baba zangu, vijana, na ninyi watoto mliokaa mkekani hapa mbele: wanaostahili shikamoo yangu, shikamooni, wengine wote, hamjambo? Baridi ya mwezi wa saba imetukamata. Tulipokuwa tunaimba niliona pumzi zenu zikipanda kama moshi, nikasema moyoni, leo hata sifa zetu zinaonekana kwa macho.

Naomba mtazame hapa mbele. Kuna magunia ya mahindi, kuna viazi, kuna mikungu ya ndizi iliyoteremshwa na ndugu zetu waliotoka Tukuyu alfajiri. Kuna mchele wa Kyela, ule ambao hata ukiwa umefungwa mfukoni unaunusa. Kuna parachichi, kuna kuku waliofungwa miguu, na mbuzi yuko nje kwenye mti. Sasa tazameni katikati, kati ya magunia mawili makubwa. Pale kuna kisado kimoja cha maharage, kimefunikwa kitambaa cheupe.

Nilikuwa mlangoni kisado kile kilipoingia. Kimeletwa na bibi mmoja wa ushirika wetu, simtaji kwa sababu hakuja kutafuta kutajwa. Alikishika kwa mikono miwili kama mtu anayebeba uji wa moto. Alipofika mbele hakukiweka mara moja. Alipiga magoti, akafunua kitambaa, akayapitisha maharage vidoleni taratibu, akatoa punje mbili zilizotobolewa na wadudu, akazifunga kwenye pindo la khanga yake. Ndipo akafunika, akakiweka chini, akakaa kidogo amekishika, kisha akainuka.

Punje mbili, wapendwa. Katika kisado kizima nani angeziona? Mnadani nani angepunguza bei kwa ajili ya punje mbili? Lakini yule bibi alijua anampelekea nani. Nimekuwa mwalimu wa shule ya msingi miaka mingi, nimesikiliza mahubiri mengi juu ya shukrani na mengine nimeyasema mwenyewe, ila leo somo nimelipata mlangoni kabla kengele haijalia.

Ninachotaka kuwaambia leo ni kimoja. Kushukuru ni kurudi. Baada ya kupokea, mtu anageuza miguu, anaifuata njia ileile aliyojia, mpaka anamfikia aliyempa.

Mnaijua habari ya wenye ukoma kumi katika Luka 17. Walisimama mbali, wakapaza sauti, Yesu akawaambia, "Enendeni, mkajionyeshe kwa makuhani." Na walipokuwa wakienda walitakasika. Mmoja akarudi, akaanguka kifudifudi miguuni pake, naye alikuwa Msamaria. Bwana akauliza, "Hawakutakaswa wote kumi? Wale kenda wa wapi?" Watoto, kenda ni tisa, ni Kiswahili cha babu zenu.

Kwa miaka niliwachukia wale tisa. Darasani niliwaambia watoto kwamba walikuwa watu wabaya. Siku moja nikaisoma tena habari ile polepole, nikashtuka. Wale tisa hawakufanya kosa lolote la amri! Waliambiwa waende kwa makuhani, wakaenda. Walikuwa njiani kutii. Pengine walifika, wakachinja walichotakiwa kuchinja, wakaandikiwa kwamba ni wazima, wakakimbia nyumbani kukumbatia wake na watoto ambao hawakuwagusa kwa miaka. Nani angewalaumu? Na bado Bwana aliuliza walipo. Maana yake mtu anaweza kuwa mtii, anayefika kwenye kila kipindi, aliyelipa ahadi yake yote na kadi yake haina deni, na bado Yesu akauliza, huyu yuko wapi? Hajarudi.

Hapo ndipo nilipojiona mimi.

Mtoto wangu wa pili, alipokuwa na miezi minane, alishikwa na homa ya mapafu. Ilikuwa msimu kama huu, baridi kali. Tulifika hospitali moja ya huku kwetu saa nne usiku, mtoto kifua kinaingia ndani kila akivuta pumzi, midomo imebadilika rangi. Umeme ulikuwa umekatika. Muuguzi wa zamu alikuwa mmoja kwa wodi nzima. Alimtafuta mshipa mtoto yule kwa mwanga wa taa ya chemli niliyoishika mimi, na mkono wangu ulikuwa unatetemeka hata kivuli kikawa kinacheza ukutani. Akaniambia, "Mama, weka kiwiko chako hapa mezani." Nikaweka. Taa ikatulia. Akaupata.

Baadaye, kama saa nane, alirudi akagusa miguu ya mtoto, akaona ni ya baridi. Akavua sweta yake, sweta ya rangi ya maziwa iliyokosa kifungo kimoja, akamfunika nayo. Akaendelea na zamu yake na gauni la kazi tu, mikono wazi, katika usiku wa Mbeya wa mwezi wa saba. Nilimwona akipita kati ya vitanda amejikumbatia.

Mtoto alipona. Siku ya tano tuliruhusiwa, tukafunga vitu vyetu, tukapanda gari. Tukafanya ibada ya shukrani nyumbani, kubwa. Kwaya ilikuja, wali ulipikwa, jirani zangu walikula na kusaza. Nilisimama nikatoa ushuhuda, nikasema Mungu ni mwema, watu wakaitikia wakati wote. Nililia. Machozi yale yalikuwa ya kweli kabisa.

Lakini ile sweta ilikuwa chumbani, kwenye kapu, tumeondoka nayo. Niliifua, nikaikunja, nikasema Jumamosi nitaipeleka. Jumamosi ikawa ya palizi. Nyingine ikawa ya msiba. Nyingine nilikuwa nasahihisha mitihani. Nilipokwenda ilikuwa imepita miaka miwili, nikaambiwa muuguzi yule amehamishwa zamani, na aliyekuwepo pale dirishani hakujua ni wilaya gani. Nilirudi na sweta mkononi. Ninayo mpaka leo. Mtoto mwenyewe sasa ana watoto.

Tulimshukuru Mungu kwa kwaya na wali, na mkono alioutumia Mungu hatukurudi kuushika. Tangu siku ile nimekuwa nikiamini kwamba huwezi kuvitenga viwili hivyo. Yule Msamaria alirudi "akimtukuza Mungu kwa sauti kuu," lakini hakuishia kupaza sauti njiani. Alirudi mpaka miguuni pa Yule aliyesema naye.

Sisi Waswahili tuna methali inayosema tenda wema uende zako, usingoje shukrani. Ni methali njema. Lakini iliambiwa nani? Iliambiwa mtendaji, ili moyo wake usifungwe na kusubiri. Siku hizi mpokeaji ndiye ameinyakua. Anasema, ah, yule aliyenisaidia hataki shukrani, alifanya kwa ajili ya Mungu. Hapana, ndugu yangu. Neno "usingoje" ni lake yeye. Lako ni kurudi. Na wazee hawakuacha upande wako bila neno, walisema shukrani ya punda ni mateke.

Hebu sasa tuingie nyumbani, maana mambo haya yanaharibikia au kutengenezekea nyumbani kuliko hapa.

Kwetu Unyakyusa mtu akiamka anaulizwa, "Ugonile?" Yaani, umelala? Naye anajibu, "Ndaga." Neno hilo hilo ndaga ndilo tunalotumia kusema asante. Tazameni hekima ya wazee wetu: neno la kwanza kinywani asubuhi, kabla hujasema njaa, kabla hujasema baridi, ni asante kwa kuwa umeamka. Maombolezo ya Yeremia inasema rehema za Bwana ni mpya kila siku asubuhi. Wazee wetu walikuwa wameshajiwekea jibu lake mlangoni.

Mama yangu alikuwa akiwasha moto jikoni kule Tukuyu, na mnajua mvua ya kule, kuni hazikauki. Alikuwa anapiga magoti, anapuliza, moshi unamtoa machozi, anapuliza tena. Moto ukishika alikuwa anasema kwa sauti ndogo, "Ndaga, Kyala." Asante, Mungu. Alisema hivyo kila siku, moto ulipochelewa na moto ulipowahi. Sisi watoto tulidhani ni sehemu ya kuwasha moto, kama kupuliza kwenyewe. Hakutukalisha chini akatufundisha. Nilipoolewa, asubuhi ya kwanza katika jiko langu, mkaa ulipokolea nikasikia sauti inasema, "Ndaga, Kyala." Ilikuwa yangu. Nilisimama pale na kipepeo mkononi, nikaelewa kwamba nimerithi kitu ambacho hakikuandikwa kwenye mirathi yoyote.

Sasa najiuliza, na ninawauliza ninyi akina mama wenzangu na akina baba: watoto wetu wakiwa watu wazima, siku wakiwasha jiko la gesi kwenye nyumba zao, watasikia sauti gani ikitoka vinywani mwao? Watasikia tulivyokuwa tukilalamikia bei ya mbolea? Mbolea ni ghali, najua, nalima mimi mwenyewe. Lakini mtoto anarithi anachokisikia kila siku, hachagui.

Sisi Wamoravian tuna urithi wa jambo hili. Kile kijitabu cha maandiko ya kila siku mlicho nacho nyumbani kina historia. Kule Herrnhut, Ujerumani, tarehe 3 Mei 1728, Zinzendorf, kiongozi wa Wamoravian wa kule, aliwapa waumini andiko moja wakae nalo kesho yake. Ikawa desturi: kila asubuhi mtu anazunguka nyumba kwa nyumba kupeleka neno la siku hiyo. Mwaka 1731 maandiko yakachapwa kuwa kitabu. Miaka 160 baadaye, mwaka 1891, Wamoravian walifika Rungwe, na desturi ile ikaja nao. Ninachokipenda ni yule mtu wa kuzunguka. Neno halikungoja Jumapili. Lilibisha hodi wakati uji uko motoni, mtoto hajanawa uso, baba anatafuta kiatu cha pili. Mungu wa asubuhi kama hiyo ndiye tunayepaswa kumshukuru asubuhi kama hiyo.

Nyumbani kwangu tuna utaratibu wa jioni, nami nawagawia kama mnautaka. Kabla ya sala ya kulala kila mmoja anasema jambo moja la kumshukuru Mungu, na lazima ndani yake pawe na jina la mtu. Mjukuu wangu mwanzoni alikuwa anasema, "Namshukuru Mungu kwa siku ya leo." Namkatalia. Nilipokuwa nafundisha insha, mtoto akiandika "tuliona mambo mengi mazuri," nilikuwa namrudishia daftari: mambo gani? Taja. Basi na hapa namrudishia. Siku moja akafikiri sana, akasema, "Namshukuru Mungu kwa sababu konda wa daladala leo hakunisukuma, alinishika begi nikapanda." Hiyo sasa ni shukrani. Kesho yake akimwona konda yule atamtambua, atamwamkia. Ameshaanza kurudi.

Na wanandoa, niwaombe. Mke amekupikia miaka ishirini. Mume ameamka usiku wa baridi kwenda kumwagilia bustani miaka ishirini. Mnaambiana asante? Neno letu asante lilitoka katika Kiarabu, na kwa asili lilikuwa linamwambia mtu, umefanya vema. Kuna mtu ndani ya nyumba yako ana miaka hajaambiwa amefanya vema, na kila Jumapili mnakaa benchi moja mnaimba zaburi ya shukrani.

Jambo lingine nitalisema kwa upole, lakini nitalisema. Kuna msemo umeenea makanisani: kushukuru ni kuomba tena. Nimeusikia hata hapa, kabla ya sadaka. Wanaousema wengi wana nia njema. Lakini hebu tuuangalie. Nikikuletea mahindi ya kuchoma kukushukuru kwa kunisomeshea mwanangu, na moyoni nimekusudia umsomeshe na wa pili, je, nimekuletea shukrani? Nimekuletea chambo. Msamaria yule alipoanguka miguuni pa Yesu alikuwa ameshapona. Hakuwa na kitu cha kuomba. Sadaka ya shukrani si bei ya baraka ya mwakani. Anayekuambia toa shukrani nono ufunguliwe milango, amekurudisha sokoni wakati ulikuwa umeshafika nyumbani kwa Baba.

Na kwa kuwa nimetaja soko, lumbesa.

Naona wengine mnainamisha vichwa. Hatusemani kwa majina. Sheria ya nchi inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Sote tunajua yanayotokea viazi vikitoka Uporoto, gunia limejazwa mpaka mdomoni, kisha linashonewa nyongeza juu, viazi vinapanda kama kilemba, na mkulima analipwa gunia moja. Mama amelima kwa jembe la mkono, amepiga dawa ya ukungu mara nyingi, amepalilia na mtoto mgongoni, kisha jasho lake la kilemba kile linakwenda bure. Halafu mnunuzi anakuja Jumapili na sadaka ya shukrani ndani ya bahasha.

Nataka mkafungue Kumbukumbu la Torati mkifika nyumbani. Sura ya 26 ndiyo tunayoisoma kila mwaka siku ya mavuno, ile ya kutwaa malimbuko na kuyatia katika kapu. Ni nzuri, tunaipenda. Basi rudini nyuma kidogo tu, mwishoni mwa sura ya 25. Mtakuta Mungu anazungumza habari za mizani. Usiwe na mawe mawili ya kupimia mfukoni, moja kubwa na moja dogo. Uwe na kipimo kamili, kipimo cha haki. Kwanza mizani, kisha kapu. Tumezoea kuanzia kwenye kapu. Mungu hawezi kushukuriwa kwa viazi vya mama yule. Anayestahili kurudiwa kwanza ni mama yule mwenyewe, na si kwa maneno.

Nimesema na wenye magunia. Sasa niseme na ambao leo mmekuja mikono mitupu, maana nawaona. Kuna ambao mvua ilikatika mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Kuna ambao viwavijeshi walipita. Kuna ambao hata shamba hamkulima kwa sababu mlikuwa mnauguza. Mmekaa nyuma, na mikungu ya ndizi ilipokuwa inapita mlikuwa mnatazama sakafu. Msione haya katika nyumba ya Baba yenu. Habakuki alisimama katika shamba kama lenu: mtini hauna maua, mashamba hayatoi chakula, zizini hakuna kundi. Hakusema ni kidogo. Alihesabu hasara yote, moja baada ya nyingine, ndipo akasema, "Walakini nitamfurahia BWANA." Nalipenda neno hilo walakini. Lina uzito kwa sababu ya yote yaliyotangulia. Mtu asiyehesabu hasara yake kwa ukweli hawezi kulisema.

Na tunaokwenda misibani, tujifunze kunyamaza. Mume wangu alipofariki, siku ya pili ya matanga, mpendwa mmoja alinishika bega akaniambia, "Mama, shukuru tu. Biblia inasema shukuruni kwa kila jambo." Hakuwa na nia mbaya. Lakini nilihisi kama ameniwekea jiwe kifuani. Baadaye mchungaji mmoja aliyesoma Kigiriki alinieleza kwamba mstari ule wa 1 Wathesalonike 5:18, katika lugha alimouandikia Paulo, unasema katika kila jambo. Ndani ya kila hali. Hakuna aliyeniamuru kumshukuru Mungu kwa sababu ya kifo. Niliambiwa kwamba hata humo ndani ya giza lile, mlango wa kumrudia haujafungwa.

Nendeni Yohana 11, kaburini kwa Lazaro. Mstari wa 41 Yesu anainua macho anasema, "Baba, nakushukuru kwa kuwa umenisikia." Lakini machozi yake yako mstari wa 35. Bwana wetu hakuruka mistari. Kwa hiyo ukimkuta mwenzako yuko mstari wa 35, kaa naye hapo. Usimburute.

Mimi ilinichukua miezi. Ilipofika Pasaka, alfajiri, tulikwenda makaburini na tarumbeta kama tufanyavyo, ukungu umetanda mlima Loleza hauonekani, umande umelowesha pindo za khanga zetu. Nilisimama pale penye udongo wake ambao ulikuwa bado haujashikana. Tarumbeta zilipolia nikakumbuka jembe. Wiki moja kabla hajaugua alikuwa amekaa uwanjani anachonga mpini mpya, anaukwangua kwa kipande cha chupa mpaka ukawa laini, kwa sababu ule wa zamani ulikuwa unanichubua kiganja. Sikumwambia asante. Nilipokea jembe nikaenda shambani. Pale kaburini nikasema, "Bwana, asante kwa mpini." Ndilo neno la kwanza la shukrani lililotoka kinywani mwangu tangu azikwe. Likafuatwa na jingine. Nilikaa pale mpaka jua likatoka, nikimtajia Mungu vitu vidogo vidogo vya miaka thelathini na moja. Jembe lile ninalo, na mpini umeng'aa mahali ninaposhika.

Mkumbuke pia kwamba Bwana wetu alishukuru usiku upi. Paulo anasema ni usiku ule aliotolewa. Msaliti yuko mezani, bustani inasubiri, naye anatwaa mkate, anashukuru, anaumega. Ndiyo maana Wakristo tangu zamani wameiita meza hiyo Ekaristi, na neno hilo la Kigiriki maana yake ni shukrani. Kila tunapoikaribia tunakula shukrani iliyotolewa katika usiku mbaya kuliko wowote. Sijui niongeze nini juu ya hapo.

Baba mchungaji, naona unaangalia saa, nami namaliza. Vijana wa mnada wameshasimama, na najua kuna wanaokitaka kile kisado. Mimi mwenyewe nakitaka. Nawaambia mapema, nitapandisha bei.

Lakini kabla mnada haujaanza naomba ruhusa nitoke kidogo. Leo nilifika hapa saa kumi na mbili kasoro, giza bado, mikono imekufa ganzi. Mlinzi wetu wa kanisa alikuwa amewasha moto kule jikoni nyuma, amechemsha chai ya tangawizi kwa ajili ya kwaya, hakuna aliyemtuma. Alinipa kikombe. Nilikishika kwa mikono miwili mpaka vidole vikarudi, nikanywa, nikakiweka dirishani, nikaja huku mbele kupanga maneno yangu juu ya shukrani. Sikumwambia kitu. Nimekumbuka nilipokuwa natamka ile habari ya wenye ukoma, na tangu hapo nimekuwa nikiwasemesha huku nafsi yangu iko jikoni.

Hajaingia ibadani, bado anakoka moto wa chakula chetu cha mchana. Wapisheni watoto hapo njiani, nipite.